Mchezo Uliotufanya Wapima Viwanja

Hawa aliponipigia simu kunijulisha kwamba shangazi yake, Bi Mwantumu, amefariki na atazikwa baada ya sala ya alasiri, nilimpa pole, nikakata simu, kisha badala ya kulia nikaanza kujiuliza nani atakuwepo. Ndivyo nilivyo. Wenzangu wakisikia msiba hutafuta kitenge cha kujifunga. Mimi hutafuta nani ana jambo na nani. Lakini safari hii nilikuwa na haki ya kushuku, kwa sababu miaka mingi nyuma, katika kijiji chake huko Kisarawe, Bi Mwantumu aliambiwa usoni, mimi nikisikia, kwamba siku akifa asitegemee jirani kushika jembe. Atazikwa na wageni wake. Wageni wenyewe tulikuwa sisi, na kilichotuponza kilikuwa mchezo. Niliondoka Kibaha nikiwa na swali moja tu, kama watu watakuja kumzika, na njia nzima nikawa naukumbuka mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, cheti cha chuo kisicho na ajira, na chumba kimoja Maili Moja, pale Kibaha, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kila Jumapili baada ya misa walikuja watu wawili. Wa kwanza ni Hawa, niliyesoma naye, mtu wa Kisarawe, mwenye mkono wa kuchora ambao hadi leo unanitia wivu. Wa pili ni Jofrey, aliyekuwa akifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja Zegereni na kulala kidogo kuliko paka. Tulikaa chini kwenye mkeka, katikati tukaweka sufuria ya chai ya tangawizi na chapati zilizofunikwa kwa sahani, na tukawa tunatengeneza mchezo wa mezani wa kuigiza. Namna yake ni hii: watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja anajitungia mtu wake, fundi wa pampu, mkunga, mfuga nyuki; mwingine anakuwa msimulizi na kueleza yanayotokea, wachezaji wanasema watu wao watafanya nini, na pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafanikiwa, wanarusha dadu. Jofrey aliifahamu michezo ya aina hiyo mtandaoni. Mingi, alisema, ni ya vita na majini, au ya dunia iliyokwisha kuungua. Yeye alitaka wa dunia iliyopona. Alitaka kijiji cha miaka hamsini ijayo ambako jua linasaga unga na kuvuta maji, mapaa ya viwanda vya Zegereni yameoteshwa kunde, na watu wanaamua mambo yao pamoja. Tukauita Kijiji cha Jua. Jofrey alitunga kanuni, Hawa alichora, mimi nikawaandika watu wa kijiji, na kusema kweli niliwaandika kwa shida, maana kila nikimuumba mtu mwema moyo uliniuliza anataka nini.

Jofrey alikuja na sharti kwamba mchezo usipokosolewa haukui. Atakayeujaribu aruhusiwe kusema baya lolote, na sisi tusijitetee. Tuseme asante, tuandike, basi. "Ukosoaji ni zawadi, Agri," aliniambia, akichovya chapati kwenye chai. Nikamuuliza ni zawadi gani hiyo inayokuja imenuna. Sikuwaamini wakosoaji. Nilidhani mtu anayekukosoa bure ama anakuonea kijicho ama anataka kuiba. Kumbe hilo halikuwa tatizo letu hata kidogo. Tuliwaita vijana wa kigangoni, tukawaita walimu wawili wa jirani, tukawaita wafanyakazi wenzake Jofrey, wote wakacheza, wakanywa chai yetu, na wote wakasema neno lile lile: mmejitahidi. Hongereni, mmejitahidi sana. Kwetu mtu hawezi kula chapati yako akakwambia imeungua. Nikawa naziogopa sifa kuliko matusi, kwa sababu tusi nalijua linakotoka. Aliyesema ukweli mwaka ule pale Kibaha alikuwa mwenye nyumba wangu peke yake, mama mmoja Mlutheri mwenye kwaya na kuku, na yeye hakutuambia sisi. Nilimsikia kupitia ukutani akimwambia dada yake, "Wanajifungia na kidude chenye pande nyingi, wanakirusha, halafu wanaongea na watu ambao hawajazaliwa. Mimi sisemi kitu. Ila hicho ni chama cha siri." Kesho yake alinisalimu vizuri na kuniletea mayai, nami nikayala nikijiuliza kama ameyaombea.

Hawa ndiye aliyesema twende kwa shangazi yake. "Kwetu hawajui kusema mmejitahidi," alisema. Nilimuuliza mara mbili kwa nini iwe kwa shangazi yake na si kwingine, akanijibu kwamba mimi nikifika peponi nitaomba kitambulisho cha malaika.

Naikumbuka nyumba ya Bi Mwantumu kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu upande wa magharibi, na juu ya bati kulikuwa na paneli ya sola aliyonunuliwa na mwanawe aliyekuwa mbali. Sebuleni, chini ya dirisha, ulitandazwa waya wenye matundu mengi ya umeme, na pale kijiji kizima kilichaji simu bila malipo. Ungekuta simu zimepangwa sakafuni, nyingine zimefungwa kwa mpira wa manati ili betri isidondoke, na wenyewe wako barazani wanapiga soga wakisubiri. Jofrey alipoona hali ile alinibana kiwiko. "Oya, unaona? Mchezo wetu huu hapa, live." Bi Mwantumu alitupa kisamvu cha nazi na mihogo, akatukalisha ukumbini kwenye jamvi, na kila tulipotaka kumweleza mchezo alisema, "Kuleni kwanza, wanangu." Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la mikorosho lililoteremka taratibu hadi bondeni, na kule chini, penye kivuli kingi, yalikuwa makaburi. Hawakulala wazee wake tu pale. Majirani nao walizika hapo tangu zamani, kwa hiyo shamba lilikuwa lake, lakini wafu walikuwa wa kijiji.

Tuliamua kijiji cha mchezo kiwe kile kile, ili watu watambue kwao. Hawa akaanza kuchora ramani kubwa kwenye karatasi nne zilizobandikwa pamoja. Alitaka vipimo viwe sawa, na hapo ndipo tulipojimaliza. Asubuhi moja Jofrey alitoka zamu ya usiku Zegereni akaja moja kwa moja na pikipiki, akiwa na lile koti lake la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa na kofia ngumu kichwani. Akatoa futi kamba. Hawa akashika ncha moja, yeye nyingine, wakawa wanateremka na shamba kati ya mikorosho, mimi nimesimama na karatasi naandika wanayonitajia kwa sauti, na kila penye kona Jofrey aliweka jiwe jeupe asisahau. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Pwani yote watu wameshaona koti la namna ile, kamba ya namna ile na mawe ya namna ile, na wanajua kinachofuata baada ya mwezi. Kila tulichofanya asubuhi ile ndicho watu hufanya kabla hawajakuhamisha.

Mzee Kibwana, jirani wa shamba la pili, alikuja na jembe begani, akasimama mpakani. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Akasema marahaba bila kututazama; alikuwa anatazama mawe. Kisha akaomba kuona karatasi. Mimi nilitaka kuikunja, lakini Hawa, ambaye pale ni nyumbani kwao, akaifungua kwa furaha. Alikuwa ameipaka rangi: mabwawa ya buluu, njia za miti, mapaa yenye paneli, watoto wanakimbia.

"Nzuri," Mzee Kibwana akasema. "Tumewahi kuonyeshwa nzuri kama hii. Ile ilikuwa na maghorofa."

"Huu ni mchezo, mzee," Jofrey akasema. "Tunacheza tu."

"Na kofia ni ya mchezo?"

Jofrey akaivua kofia, ikawa vibaya zaidi, maana ndani yake kulikuwa na jina la kampuni. Mzee Kibwana akaweka kidole chini ya ramani, bondeni, ambako Hawa alikuwa amechora paneli za sola zimejipanga safu kwa safu. Hakuuliza kitu. Alipandisha hadi barazani, sisi nyuma yake, akamkuta Bi Mwantumu anachambua mchele, akamwambia yale maneno, kwamba ardhi ni yake na hawezi kumkataza, ila siku akifa atazikwa na wageni wake. Akaondoka. Bi Mwantumu aliendelea kuchambua mchele, lakini niliona anatupa chuya na mchele pamoja.

Kufikia Jumapili iliyofuata matundu ya umeme yalikuwa wazi. Hakuna simu hata moja sakafuni. Kulikuwa na maulidi nyumba ya tatu na Bi Mwantumu hakuitwa hata kuosha vyombo. Alipita kisimani wanawake wakanyamaza, akatoka wakaanza tena. Sijawahi kumwona mtu mzima anaogopa kwa namna ile, hofu ya mchana kweupe, huku anapika. Alitukaribisha vizuri, akatupakulia, kisha akakaa jikoni na tukamsikia akiongea na Hawa kwa sauti ya chini. "Mimi sikutaka mchezo, mwanangu. Mimi nilitaka wageni. Sasa nikianguka humu ndani, nani atajua? Mwanangu yuko mbali. Majirani ndio watu wangu, na wao ndio wa kunizika." Hawa alikuwa analia. Jofrey aliinamisha kichwa juu ya sahani. Na mimi, kwa kuwa shaka ikishaingia nyumbani hairuki mtu, nilimgeukia nikamuuliza kama kweli hakuna bosi aliyemtuma kupima lile shamba. Jofrey akainua kichwa. "Agri, yaani hata wewe?" Nilitaka sana kumwamini na sikuweza, na yule mama jikoni alikuwa na sababu nyingi kuliko zangu za kutomwamini yeyote kati yetu.

Hawa alitoka jikoni macho mekundu, akasema kama sharti letu ni la kweli basi tulitimize. Wakosoaji wako pale, wamejaa kijiji kizima. Waitwe wote waje waone ramani, wacheze, waseme, na sisi tuseme asante. Jofrey akakubali haraka mno, jambo ambalo nililiandika moyoni. Bi Mwantumu hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba yeye atapika.

Walikuja Ijumaa, baada ya sala, lakini hawakuja kucheza. Walikuja kuona bonde lina nini kwenye karatasi. Mzee Kibwana alikaa mbele kabisa, na Bi Zuhura, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika kisimani, alikaa kando yake, na nyuma yao watu wa barazani. Chakula hakikuguswa. Jofrey, aliyevaa shati la mikono mirefu kama anayeposa, alieleza mchezo. Alipotoa dadu, Bi Zuhura akasema hiyo ni kamari na yeye hakai penye kamari. Jofrey akasema asante, akaandika. Hawa akaleta korosho za maganda, turushe hizo tuone zilivyolala. Mtu nyuma akasema hapo sasa mmehama kamari mmeingia ramli. Asante, akaandika. Mwishowe tukakubaliana watu wawili watoe vidole kwa pamoja, ihesabiwe jumla, shufwa au witiri, kama watoto wanavyochagua nani aanze, na hilo halikumkera yeyote. Kwa mara ya kwanza mwaka ule mtu alikuwa ametukosoa usoni. Nilikuwa nimekasirika, na chini ya hasira nilihisi nafuu.

"Haya mzee," Jofrey akasema, "kijiji ni hiki hiki, miaka hamsini ijayo. Wewe utakuwa nani?"

"Miaka hamsini ijayo mimi nitakuwa nimekufa."

"Unaweza kuwa mtu yeyote, mzee. Jitungie."

"Siwezi kuwa mtu mwingine. Nitakuwa mimi, nimekufa. Nimelala wapi?"

Watu wakaitazama ramani. Bondeni palikuwa na paneli, safu kwa safu. Hawa alikuwa amezichora pale kwa sababu kwenye karatasi palionekana pamebaki wazi. Bi Mwantumu alisimama mlangoni na mwiko, na nikajua kwamba hakuna maelezo yatakayofaa, kwa sababu kila mpima viwanja huwa ana maelezo.

Mzee Kibwana ndiye aliyeniangalia mimi. "Na wewe uliyeshika karatasi siku ile, kabila gani?"

"Mnyamwezi, mzee. Nimezaliwa Kibaha, lakini kwetu Tabora."

"Ahaa. Mpagazi wangu!" Watu wakacheka kidogo, kwa pua. "Babu zako walibeba pembe wakatua hapa wakila mihogo yetu. Sasa wewe umekuja kubeba makaburi."

Wazaramo ni watani zetu. Mtani anaweza kukwambia lolote, na kukasirika ni aibu yako. Hivyo nililelewa, ingawa sikuwahi kufikiri ni kitu cha kutumia kama mtu anavyotumia ufunguo. Nikasema, "Mtani, ninyi mtu akija na kamba ya kupimia anajisumbua bure. Mkisikia ngoma mtaa wa pili mnauza shamba wenyewe, mnabaki mnacheza barabarani. Huyu Mwantumu ameshauza kitambo. Muulizeni alicheza ngoma gani."

Nilikuwa nimelisema lile lile ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalinong'ona, na nimelisema ndani ya nyumba yake, chakula chake kikiwa mbele yetu. Kisha Bi Zuhura akaachia kile kicheko chake, akajipiga paja, akauliza, "Mwantumu! Ilikuwa ngoma gani, dada, mbona hukutuita?" Wengine wakamfuata. Mzee Kibwana alicheka mwisho, kidogo, na alipomaliza aligeuka mlangoni akauliza, bila utani sasa, kile ambacho kwa siku zote zile hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mwantumu. Umeuza?"

"Sijauza."

"Haya," akasema, akavuta sahani ya wali.

Ningependa kusema shaka ilikwisha siku ile, lakini ningekuwa naongopa. Simu zilirudi sakafuni moja moja, na maulidi yaliyofuata aliitwa. Lakini Mzee Kibwana alikuja kila Ijumaa hadi mwaka ukaisha, na kila alipocheza mkono wake mmoja ulikuwa umekalia kona ya ramani yenye bonde. Walitukosoa bila huruma na si kila walichosema kilikuwa na maana. Mmoja alitaka kanuni ya kuwafunga mbuzi wa jirani yake kwa miaka hamsini. Bi Zuhura alikataa katakata kuwepo kwa mashine ya jua ya kukuna nazi, akidai wakwe watakosa la kuwalaumu wake za watoto wao. Lakini makaburi yaliwekwa kwanza kabla ya kitu chochote, na ikawekwa kanuni kwamba mchezaji yeyote akiweka kiganja penye ramani akasema "hapo hapana", msimulizi anasimama na kuomba ruhusa, hata kama linalotaka kujengwa ni jema. Jofrey alilalamika kwamba mchezo umekuwa mzito, na ni kweli. Kijiji chetu cha jua kilichukua Ijumaa nyingi kujenga bwawa moja. Tulichapisha nakala chache, zikaenda kwa marafiki, na watu wa mtandaoni wakasema una wafu wengi mno kwa mchezo wa matumaini. Nilisema asante, nikaandika.

Jofrey aliondoka Zegereni mwaka uliofuata na tukapotezana. Wakati mwingine najiuliza kama kweli hakutumwa. Nadhani hakutumwa.

Nilifika msibani jua limeshageuka. Nilipokata kona niliona kwanza pikipiki, kisha baiskeli, kisha watu, wamejaa uwanja na kumwagika barabarani. Vijana walikuwa wanapanda kutoka bondeni na majembe yenye udongo mbichi. Nilisimama pale nikalia bila kujificha. Hawa alinikumbatia, akaninong'oneza kwamba kaburi lilichimbwa tangu asubuhi na watu waligombania zamu. Bado sikutulia. Nilipita kati ya wanawake nikihisi macho mgongoni, mpaka Bi Zuhura, amezeeka na kupungua, akanishika mkono akasema, "Mbona umekaa kama mkwe? Hapa Mnyamwezi ni wewe tu, na jeneza linatoka." Akanisukuma.

Nikajikuta nimesimama mbele ya jeneza. Wanaume wamelibeba, wamesimama, wananisubiri. Mtani akizuia, hawapiti hivi hivi; ndiyo kazi ya watani msibani. Nikasema, "Hapiti mtu. Huyu aliuza shamba akawaficha."

Wakacheka wote, wengine huku wanalia. Ila Mzee Kibwana. Alikuwa ameegemea fimbo mbele ya waliobeba, uso mkavu kama siku ile ya mawe, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

"Aliuza kwa nani?" akauliza.

"Kwangu mimi, mtani wako."

"Basi kama shamba ni lako," akasema, "toa ruhusa tumzike."

Nikasema, "Mzikeni." Nikasogea pembeni, wakapita.